Upande wa Dirisha

Kazi ya kiwandani sikufunzwa darasani. Darasa tulikuwa nalo, sikatai. Kila mwaka tulikusanywa ukumbini, tukapewa soda na mandazi, na mtaalamu mwenye tai akatusomea kanuni za usalama kwa Kiingereza. Nusu yetu tulikuwa tumetoka zamu, tunapigana na usingizi. Tulitia sahihi kwamba tumeelewa, kisha tukarudi kwenye mashine, na huko ndiko tulikofunzana kazi yenyewe.

Kiwanda chetu kiko Meru, juu kwenye baridi, na kinasindika majani chai ya wakulima. Majani yakishakatwa husafiri juu ya mkanda, na kila baada ya muda hukwama kwenye rola. Kanuni ilisema uzime mashine kwanza. Lakini ukizima, majani yote yaliyo nyuma yanakaa yakiharibika, na msimamizi anakuja mbio kuuliza ni nani aliyebonyeza kitufe chekundu. Kwa hivyo hakuna aliyezima. Mzee aliyenifunza alinishika mkono siku yangu ya pili, akaupitisha chini ya mkanda mashine ikizunguka, tukang'oa bonge la majani.

"Upande wa dirisha," akasema. "Siku zote upande wa dirisha."

Sikuuliza kwa nini. Nilifanya hivyo miaka kumi na minne, na vidole vyangu vyote ninavyo.

Kisha akaletwa mwanamume mmoja kutoka Siakago, mtu mzima wa miaka arobaini aliyechoshwa na ukame wa kwao, nikaambiwa nimwonyeshe kazi. Alishika mambo haraka. Aliniita mwalimu, nami nisidanganye, nilipenda kuitwa hivyo. Nilimshika mkono vilevile, nikamwambia upande wa dirisha.

Baada ya miezi mitatu alihamishiwa laini ya pili ya mashine, inayotazamana na yetu. Mkanda wa huko huzunguka kinyume. Kwetu, upande wa dirisha ni pale mkanda unapotoka kwenye rola, kwa hivyo mkanda huusukuma mkono nje. Kule, upande huohuo ni pale mkanda unapoingia, na huuvuta mkono ndani. Miaka yote hiyo nilikuwa nikipita mbele ya mashine ile nikienda kunywa chai, na sikuwahi kuitazama. Nilichojua mimi ni dirisha tu.

Nilisikia sauti yake ikishinda mitambo. Mkono wa kulia ulikuwa umekwenda hadi karibu na kiwiko. Nilikimbia nikabonyeza kitufe chekundu, kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe.

Wachunguzi walipokuja, waliniuliza kama ni mimi niliyemfunza kuingiza mkono mashine ikienda. Fomu ya kanuni za usalama, yenye sahihi yake, ilikuwa mezani. Nikikubali, kiwanda kingebeba lawama na yeye angepata fidia, nami ningefukuzwa. Nikikataa, ingeandikwa kwamba alijitakia. Nina watoto wawili sekondari. Nikasema hapana. Msimamizi, aliyekuwa akituona kila siku tukifanya hivyo, aliinamisha kichwa akaandika. Yule bwana alirudi kwao mikono mitupu, na hata kusema mikono naona haya.

Nilikwenda kumwona, nimebeba unga na sukari. Nilimkuta amekaa nje ya nyumba, mkewe akimfungia vifungo vya shati. Aliuliza habari za wenzetu kazini, mmoja mmoja. Mkewe alipoingia ndani, akashusha sauti.

"Mwalimu, hii kitu inanisumbua sana. Niliweka mkono upande ya dirisha, vile ulinionyesha. Sasa mimi nilikosea wapi?"

Hakuwa akinisuta. Aliuliza kwa dhati, kama mwanafunzi aliyeanguka mtihani na hajui ni swali gani. Tangu alazwe hospitalini alikuwa akitafuta kosa lake. Jibu nilikuwa nalo. Nililipata siku ileile, nikiwa nimesimama kando ya mashine iliyozimwa. Lingemalizika kwa sentensi moja.

"Pengine ulikuwa umechoka," nikamwambia.

Akafikiri kidogo, akaitikia kwa kichwa.

"Ni kweli," akasema. "Hiyo siku nilikuwa nimechoka."

Kisha akanishukuru.