Droni Iliyokimbilia Kwao

Kwa miaka ishirini na sita alikuwa amewapigia kelele maharusi akiwa nyuma ya kamera, "Tabasamu!", mpaka watu wakamwita Tabasamu, na jina alilopewa na mama yake likasahaulika. Yeye mwenyewe hakuwa mtu wa kutabasamu. Na siku hizi ndiyo kabisa, maana kazi zilikuwa zimeanza kumkwepa. Maharusi wa leo wanataka kupigwa picha kutoka juu, utadhani wamealika kunguru. Hata dada wa mkewe alimweleza bila kupepesa macho: "Shemeji, harusi ya binti yangu bila droni namwita mwingine. Undugu kando."

Maneno hayo yalimkaa kooni. Akaenda kununua droni ya mtumba kwa mpima ardhi mstaafu wa mtaa wa pili. Panga lake moja la kurukia lilikuwa limeungwa kwa gundi, na begi lilinuka dawa ya mende. Mzee aliikabidhi kwa unyonge wa mtu anayemwoza binti yake.

"Kabla hujairusha, isubiri taa ya kijani," alisema. "Hapo ndipo inajua iko wapi. Usiposubiri, betri ikiishiwa itarudi hapa kwangu. Nyumbani inapopakumbuka ni hapa."

"Nimeelewa, mzee," alijibu Tabasamu, macho yakiwa kwenye vitufe. Sikio la kufa halisikii dawa.

Siku ya harusi, bibi harusi alitokeza mlangoni taa ikiwa bado ya njano. Shemeji akamtolea macho. "Inaruka, hairuki?" Basi akairusha.

Ikapanda vizuri mno. Kwa dakika kumi Tabasamu alijiona mfalme. Kisha ikalia pii, pii, ikageuka, ikaondoka zake. Akabonyeza kila kitufe, hata cha rimoti ya redio ya gari iliyokuwa mfukoni.

"Inakwenda wapi?" shemeji akauliza.

"Kwao!" alisema, akatimua mbio na suti yake.

Alimkuta mzee kibarazani, droni mapajani, akiifuta vumbi.

"Siku moja tu umeitesa, imerudi," mzee akasema. "Safari hii utaisubiri?"

"Nitaisubiri, baba."

Akarudi harusini na droni, kichwa chini, akijua kazi imeshamponyoka. Lakini kamera ya droni haikuwa imezimwa, na maharusi wakataka kuona. Kwenye video, wageni wote walikuwa wametazama juu, midomo wazi, bibi harusi kajishika mbavu. Pembeni, mwanamume mnene, tai begani, alikuwa akiikimbilia droni mikono juu, akicheka peke yake.

"Hiyo!" bibi harusi akapiga kelele. "Hiyo ndiyo ya ukutani!"

Tabasamu alijitazama. Katika harusi zote alizopiga picha, hiyo ilikuwa picha ya kwanza yeye mwenyewe kuwamo.

Shemeji alikuwa anajifuta machozi ya kicheko. "Mdogo wake anaolewa mwezi wa nane," alisema. "Njoo na droni yako, shemeji. Na viatu vya kukimbilia."