Matanga ya Treni ya Baraka

Mji wetu wa Baraka haujawahi kuwa na reli, na kama Mungu ana mpango wa kutuletea, bado hajamwambia mtu. Lakini treni tulikuwa nayo. Yalikuwa malori matatu ya abiria, mali ya tajiri mmoja wa hapa mjini, makuukuu yote, yamenizidi umri, na yalitembea kwa kufuatana kutoka Baraka hadi Uvira na kurudi. Siku nyingine yalipanda mlimani hadi Fizi. La kwanza lilikuwa na injini ya nguvu lakini taa hakuna. La pili lilikuwa na taa na honi, ila injini yake ilikuwa ya kubembelezwa. La tatu lilikuwa na breki. Yale mengine nayo yalisemekana kuwa na breki, lakini hakuna aliyewahi kuziona zikifanya kazi. Basi penye tope au mteremko madereva waliyafunga pamoja kwa kebo ya chuma, na hapo ndipo ukapata gari moja zima lenye akili timamu.

Watu wakayaita treni. Vijana wenye haraka ya kufika, au ya kufa, walipanda behewa la mbele. Akina mama wenye watoto mgongoni na wazee wa kanisa waligombania la nyuma, juu ya breki, na kila mmoja alikuwa na sababu ya kwa nini yeye hasa ndiye asiyefaa kufa leo.

Baba yangu ndiye aliyeendesha hilo la breki. Wakati wa kuteremka kutoka Fizi, malori mawili yalining'inia mbele yake na abiria wote na magunia yote ya mihogo, na mguu wake mmoja ndio uliowashikilia. Akifika nyumbani mguu haukujua kwamba kazi imekwisha. Tukiwa mezani, Mama akisimulia jambo kwa kasi, tuliuona mguu wa Baba chini ya meza ukikanyaga breki.

Mama aliliita lile lori mke mwenzake. Hakuwa anatania sana. Lilipoharibika huko njiani, Baba alilala chini yake. Lilipopata pancha siku ya ubatizo wa mjukuu, Baba alikwenda kuliangalia kwanza. "Mukewenzangu ameita," Mama alikuwa akisema, na kuondoa sahani ya Baba mezani.

Kisha treni ikazeeka kabisa. Vipuri havikupatikana tena hata Uvira, na fundi wetu alikuwa amefikia hatua ya kuchonga vingine kwa mbao. Pikipiki na magari madogo ya jipu vikachukua abiria wenye haraka, na wasio na haraka wakagundua kwamba nao wanayo. Tajiri akawaita madereva watatu, akawashukuru vizuri, akawaambia malori yataegeshwa, yakatwe, chuma kiuzwe. Kisha akamwita Baba pembeni. Amenunua jipu mpya, akamwambia, ya kwenda upande wa Misisi kwenye machimbo ya dhahabu. Inahitaji mtu mzima anayejua breki. Atakuwa analala huko huko, atarudi nyumbani barabara ikiruhusu. Ampe jibu baada ya Jumapili.

Baba alituletea habari hiyo wakati wa chakula, siku niliyokuwa nimetoka kwangu kuwasalimia, akaiweka mezani, akaendelea kula. Mama yangu ni mtu wa kuuliza bei ya kila kitu sokoni, hata asichonunua, lakini hilo hakuuliza. Nilimfuata jikoni. "Mwambie abaki," nikamwambia. "Ni mzee sasa. Mwambie tu."

"Hapana," akasema. "Bwana wa kuombwa akae kwake, huyo ni mugeni. Mi sitaomba."

Nilimkasirikia kidogo, kwa sababu nilijua anachokitaka na nilijua kwamba Baba hajui. Baba alidhani jipu lile ni sifa. Katika kichwa chake mwanamume anayeitwa kazini bado ni mwanamume, na mkewe anapaswa kujivunia.

Wazo la matanga lilikuwa la dereva wa lori la kwanza, jirani yetu, mtu asiyeweza kupita penye jambo bila kulifanyia mzaha. Alisema malori yametubeba sote, wengine wamezaliwa humo, na haifai kuyazika kimya kama mbwa. Wake wa madereva wakakubali, maana hapa kwetu matanga ni kukaa pamoja na kula, na kufa kwa mtu ni sababu mojawapo tu. Jumapili, ibada ilipokwisha, tukafunga turubai uani, tukatandika mikeka, tukapika bugali, sombe ya majani ya mihogo na ndagala, dagaa wa ziwani. Chai ikachemka kwenye sufuria kubwa. Mama, kwa kuwa ndiye mke mwenza, akakalishwa kwenye mkeka wa wafiwa, na wanawake wakaja mmoja mmoja kumshika mkono.

"Pole kwa mukewenzako."

"Asanti, mama. Alikuwa muvivu, lakini alibeba bantu bengi."

Tulicheka sana. Kosa ni kwamba barabara ya kwenda Nundu inapita mbele ya kwetu, na kijana mmoja wa pikipiki alipita akaona turubai, mikeka, na Mama ameketi mahali pa mjane. Alipofika Nundu akawaambia ndugu za Mama alichokiona: kwa yule dereva kuna matanga. Hakudanganya hata neno moja. Nao hawakupiga simu kuuliza ni nani aliyekufa, kwa sababu kwetu kuuliza hivyo ni utovu wa adabu. Ukisikia matanga, unainuka unakwenda. Utamjua marehemu utakapofika.

Alasiri tukasikia kilio kutoka barabarani. Walikuwa wamekuja kwa pikipiki, wakashukia darajani ili waingie wakilia kwa miguu, kama inavyostahili. Mbele alikuwa mama mkubwa, dada wa Mama, mikono kichwani. Nyuma wajomba zangu wawili wakivuta mbuzi.

"Shemeki yangu eee! Umetuacha na nani eee!"

Baba, aliyekuwa ndani akijaza kikombe, akatoka na chai yake mkononi kuona ni nani amekufa. Mama mkubwa akamwona. Kilio kikakatika katikati ya neno.

"We! Iko muzima?"

"Mi iko muzima, yaya," Baba akajibu, kama anavyoitwa dada mkubwa.

"Sasa juu ya nini tunalia tangu kwa daraja?"

Tukawaeleza. Wajomba walicheka hadi wakaketi chini, lakini mama mkubwa hakucheka. Alimtazama yule mbuzi. Mbuzi wa matanga harudi nyumbani alikotoka, kila mtu anajua. Ukimrudisha, unarudi na kifo kwako. Na machozi nayo yalikuwa yameshamwagika.

"Mi sikulilia chuma," akasema. "Nililia huyu. Leta kiti. Shemeki, kaa pale. Leo we ni maiti, na maiti haijibu."

Shemasi wetu, aliyekuwa na tonge la bugali mkononi, akageukia ukuta ili asiwe shahidi. Baba alijaribu kubisha, akakalishwa na mashemeji zake. Naye ni mtu wa utani, akafumba macho na kukunja mikono kifuani. Watu wakaanza kumsema kama anavyosemwa marehemu, kwa sifa na kwa kisu. Mjomba mmoja akasema marehemu alikuwa mtu wa kuahidi samaki wa Uvira na kuleta harufu yake. Jirani akasema marehemu alikuwa na wimbo mmoja tu, na ameondoka bila kujifunza wa pili. Baba alitikiswa na kicheko macho yakiwa yamefumbwa.

Kisha mama mkubwa akamgeukia Mama. Mjane naye husema.

Nilidhani Mama angetania. "Mi sina mengi," akaanza. "Bwana yangu alikuwa muntu muzuri. Hakunipiga. Hakuniletea bibi mwingine wa nyama na damu. Lakini mvua ikinyesha, mi nafikiria tu ile muteremuko ya Fizi. Honi ikilia kule chini, moyo inarudi. Isipolia, sikule. Batoto baliolewa, nyumba ikabaki kubwa. Kila siku napika bugali ya bantu babili, nakula ya muntu moja, ingine napatia kuku. Bananisifu, banasema kuku yangu ni manene. Njo sababu ya ile."

Watu walicheka waliposikia kuku, kisha wakaacha. Baba alikuwa amefumbua macho. Akafungua mdomo.

"Maiti, nyamaza!" mama mkubwa akamwambia.

Akanyamaza. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kumwona Baba akisikiliza bila nafasi ya kujibu, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kusikia.

Mama mkubwa alikuwa amepata moto sasa. Zamani, matanga yakifika mwisho, mjane aliulizwa ni nani katika ukoo wa mumewe atakayemrithi. Kanisa lililikataa jambo hilo siku nyingi na hakuna anayelifanya tena, lakini kwa mzaha bado linafaa. Akawaita wanaume wa upande wa Baba wasimame mstari. Wakasimama wawili, mdogo wake Baba na binamu yake, wakijinyoosha mashati na kujipangusa midomo.

"Dada," mama mkubwa akasema, "bwana yako amekufa. Chagua."

Mama alimtazama baba mdogo, ambaye ni mvuvi wa ndagala. "We unalala wapi?"

"Kwa nyumba. Wakati mwezi iko mukubwa."

Wote tulijua kwamba wavuvi wa taa hulala nyumbani siku za mbalamwezi tu. "Pita," Mama akasema. Binamu alikuwa na wake wawili tayari, naye akapita bila kuulizwa.

"Basi hakuna?" mama mkubwa akauliza.

Mama akatazama mkeka. Sauti yake haikuwa ya mchezo tena. "Mi natafuta muntu wa kulala kwa nyumba. Wa jipu ya Misisi simutaki, hata akuje na ngombe."

Niliogopa. Nilifikiri Baba atacheka, na kama angecheka nisingemsamehe. Hakucheka. Aliinuka kwenye kiti chake cha maiti, akaweka kikombe chini, akazunguka mikeka yote, akaenda kusimama mwisho wa mstari, nyuma ya binamu yake. Akafunga kifungo cha juu cha shati.

"Maiti, rudi kwa kiti!"

Hakurudi. Mama akainua macho, akamtazama kama alivyowatazama wale wengine.

"We unalala wapi?"

"Hapa," Baba akasema.

"Na mvua ikinyesha?"

"Hapa."

"Na tajiri akiita?"

"Nitamwambia kesho. Mi nalala hapa."

Mama akajifunika uso kwa kitenge na kulia, kilio cha kweli, hadi mama mkubwa akaketi kando yake na kumshika mabega. Baba aliendelea kusimama pale kwenye mstari, akingoja kuchaguliwa.