Anayebaki Jikoni Siku ya Kuzika

Baridi ya Makambako huja na upepo wake, na ukiona mtoto wa shule mtaani kwetu hatetemeki asubuhi, ujue sweta lake limetoka kwenye mashine ya Hulda. Hulda ni wifi yangu, mke wa kaka yangu Amos. Ni mwembamba, mpole kupita kiasi, na akimaliza sweta hulitazama, akalifumua, akalifuma tena kwa kudhani mkono mmoja umezidi. Nimemwambia mara nyingi, wifi, mtoto mwenyewe atakua, mkono utamfika tu. Hucheka, halafu hufumua.

Tulidhani ni tabia. Mpaka siku tuliyomzika Kasimiri.

Kasimiri alikuwa muuza vitunguu sokoni, wala hakuwa ndugu yetu. Watu walijaa makaburini, kina mama tumebanana mbele, sanduku likaanza kushushwa. Hulda akanishika mkono kwa kucha. Kumtazama, anatafuta pumzi kama mtu aliyetolewa majini, jasho linamtiririka katika baridi ile, mkono mmoja kifuani. Akaninong'oneza kwamba anakufa. Kabla sijajibu, akapenya katikati ya watu akakimbia, kiatu kimoja kikabaki kwenye udongo.

Sasa kwetu kilio kina vipimo vyake. Mjane hulia zaidi, dada wa marehemu humfuata, jirani hulia kijirani. Mke wa mtu akipagawa kwa muuza vitunguu kuliko mjane mwenyewe, hakuna anayeuliza kama anaumwa. Jirani yetu Feliciana, ambaye mdomo wake haujawahi kulala njaa, hakungoja hata tunawe mikono. Jioni mtaa mzima ulishajua kwamba Hulda na marehemu walikuwa na lao. Amos ni mtu wa maneno machache, na hapo namshukuru Mungu. Alirudi makaburini akakitafuta kile kiatu, akakisafisha, akamvalisha mkewe. Hakuuliza kitu.

Lakini jambo lile lilimkaa Hulda mwilini. Akawa anaogopa kuogopa. Kwanza aliacha misiba. Kisha akaacha soko, maana na soko lina watu. Kanisani akahamia benchi la mwisho kando ya mlango, na kwaya ikipaza sauti tu, yuko nje. Usingizi ukamtoka. Simu ya Amos ikiita, yeye kichwani ameshamzika mtu. Wakaja waombezi, wakamzunguka wote kwa pamoja na mikono kichwani mwake. Mtu anayekosa hewa ukimzunguka hivyo, unategemea nini? Alianguka, nao wakasema pepo limejibu.

Nikamwambia Amos imetosha. Tukampeleka Njombe, hospitali. Wakampima moyo, wakakuta mzima kabisa, na Hulda akalia, maana alitaka uwe mbovu ili tumwamini. Ndipo tukaelekezwa kwa muuguzi wa magonjwa ya akili, Teodora, mama wa makamo kama mimi. Neno hilo akili lilinikaza midomo. Yeye akatueleza taratibu kwamba kila mtu ana hofu, na bila hofu tungekanyaga nyoka. Ni kama mbwa wa nyumbani. Wa Hulda ameanza kubwekea upepo, tena kwa nguvu zile zile za kumbwekea mwizi, na mwili ukisikia kubweka hauulizi mwizi yuko wapi. Moyo unakwenda mbio, kifua kinabana, vidole vinakufa ganzi. Inatisha, lakini hupanda, hufika mwisho wake, hushuka. Akasema ni ugonjwa kama magonjwa mengine, ugonjwa wa wasiwasi, una dawa na una mazungumzo, na akampangia siku za kurudi. Akamfundisha kupumua. Kisha akamwonya: kila ukiikimbia, unailisha. Usijirushe katikati ya umati, lakini usijifungie ndani. Sogea kidogo, ubaki hapo mpaka ishuke.

Kurudi Makambako, tukakuta umoja wetu wa kina mama wa kuzikana umeitisha kikao, na kikao chenyewe ni cha Hulda. Asiyefika misibani hukatwa jina. Ukikatwa jina, siku ukifa hakuna atakayekuja kuwapikia waombolezaji wako. Kwetu mtu anaweza kuvumilia mengi, ila si kuzikwa kama msafiri aliyefia stendi.

Mwenyekiti wetu, Mama Esnath, alimuuliza Hulda ana sababu gani. Feliciana akadakia, "Anaogopa misiba. Kwani sisi tunaipenda?" Kina mama wakacheka.

Hulda akasimama, pindo la kitenge amelishika kwa mikono miwili.

"Siogopi maiti," akasema. "Naogopa mwili wangu. Watu wakinibana, unaanza kufa na mimi nimo ndani. Natibiwa Njombe. Naombeni msinikate."

Sikumpa Feliciana nafasi ya kudakia tena. Nikauliza, "Mama mwenyekiti, siku ya kuzika huwa anabaki nani jikoni?"

Kila mmoja wetu hutaka aonekane makaburini akitupa udongo. Kubaki na moto ni ugomvi kila msiba. Maharage ya msiba wa Kasimiri tuliyala yameungua, mchungaji akiwemo, naye akayashukuru kwa imani. Mama Esnath alicheka kabla hajajizuia.

"Hulda, mwanangu, moto utauweza?"

"Nitauweza, mama."

Wakakubaliana ajaribiwe msiba ujao. Mungu naye ana vituko: msiba uliokuja ukawa wa mama mkwe wa Feliciana.

Hulda alifika asubuhi na kisu chake, akamenya viazi uani pamoja nasi. Watu walipozidi alisogea kwenye mparachichi, akapumua, akarudi. Sanduku likatolewa, vilio vikapanda, msafara ukaondoka. Nilifika katikati ya njia, nikageuza. Nikamkuta peke yake mbele ya sufuria kubwa, mwiko mkononi, uso umempauka, macho yako kwenye njia ya kwenda nyumbani kwake. Nilitaka kumkumbatia, nikawakumbuka waombezi. Nikavuta kigoda, nikaanza kukata kabichi.

"Imepanda, wifi," akasema.

"Naona. Geuza maharage, yatashika."

Akageuza. Akapumua kama alivyofundishwa, akageuza tena. Kabichi ilikuwa imekwisha nilipoona mabega yake yameshuka. Akaonja chumvi.

Msafara uliporudi, yeye ndiye aliyesimama na ndoo ya maji ya uvuguvugu, akiwanawisha mmoja mmoja. Feliciana akaja, macho yamemvimba, akanyoosha mikono bila kumtazama usoni. Hulda akammiminia taratibu.

"Pole, jirani."

Feliciana alikaa ameiacha mikono chini ya maji. "Yana joto," akasema. Kwa Feliciana, hayo ni mahubiri.

Mama Esnath hakutangaza lolote. Alifunua sufuria, akanusa, akaushika ule mwiko na kuukagua.

"Hulda, huu wetu umepinda. Msiba ujao uje na wako."

Amos alimchongea mwingine wiki ile ile. Unaning'inia ukutani, juu ya mashine ya masweta.