Kiti cha Mzee Ofumbi

Harriet alikuwa na mdomo, na hata waliompenda hawakulikataa hilo. Akiingia nyumba yenye mja mzito pale Mwello, hakai kitako kabla hajafunua chungu aone kuna nini. Mahubiri yake yalikuwa mukene, wale dagaa wa ziwani, mayai, na kunde zilizoungwa kwa simsim. Hakuwa muuguzi, ni mhudumu wa afya wa kijiji tu, lakini wanawake walimwita Musawo, yaani daktari, naye jina hilo alilipenda kweli kweli.

Aliyemnyima usingizi ni Babra, mke wa Phillip. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa mdogo mno, hakumaliza wiki. Sasa alikuwa na mimba ya pili, na kila akipanda mizani ya kliniki uzito ulikuwa ule ule, na damu ilikuwa imepungua. Wala haikuwa njaa. Phillip alipakua mizigo mpakani Busia na kila mwisho wa wiki alileta chakula. Nyumbani alibaki Babra na baba mkwe wake, Mzee Ofumbi, aliyefiwa na mkewe. Chungu kilijaa, mwenye chungu akazidi kukonda.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Harriet akaenda saa ya kula, bila kualikwa.

Akamwona Babra akipiga magoti kumwandalia mzee, kisha akarudi jikoni na kukaa, mikono magotini. Sahani yake ilikuwa pale pale, imefunikwa. Nje, hatua chache kutoka mlango wa jiko, mzee alikuwa kwenye kiti chake, akitafuna polepole kama mtu asiye na miadi na yeyote.

"Mbona huli?" Harriet akanong'ona.

"Baba yuko hapo," Babra akajibu. "Mimi naanzaje kutafuna?"

Kwao mke hali machoni pa baba mkwe. Ni heshima, na Babra alilelewa vizuri mno. Marehemu mama mkwe alipokuwa hai, wanawake walikula nyumbani kwake. Sasa mzee alikaa hapo mpaka jua lipoe, na Babra akameza matonge mawili ya chakula baridi akikimbilia shamba. Harriet akaona aibu. Miaka yote hiyo alifunua vyungu, hakuwahi kutazama viti.

Lakini utamwambiaje mzee mambo ya tumbo la mke wa mwanawe? Hata Harriet mdomo ulimwishia. Alipoaga, akasimama karibu na mbuzi aliyefungwa uani.

"Wewe mbuzi," akasema kwa sauti ya kusikika, "ukitazamwa hivi utashiba lini? Na huyo aliye ndani yako anangoja chakula hicho hicho."

Mzee hakuinua uso. Harriet akaondoka akijua amemkosea adabu.

Haukupita muda, maneno yakaenea. Mzee Ofumbi amekosana na mke wa mwanawe. Kila mchana anameza chakula upesi, anabeba kiti chake hadi mwisho wa shamba la muhogo, anakaa huko peke yake. Kwenye chungu cha pombe wakamcheka kwamba amefukuzwa kwake na msichana mdogo. Yeye aliendelea kuvuta pombe kwa mrija wake.

Huku nyuma mizani ya Babra ikaanza kupanda. Harriet akajipongeza, akasema ni zile kunde. Ila ule ugomvi ulimkera, maana alidhani ni yeye aliyeuleta, kwa ulimi wake. Siku moja yenye mvua kubwa akachukua mwavuli, akaenda kumwomba mzee radhi.

Akamkuta mwisho wa shamba, kwenye kiti, gunia kichwani, maji yakimtiririka shingoni.

"Baba, nyumba unayo. Kwa nini unanyeshewa?"

Mzee akatazama kule jiko lilikotoa moshi.

"Ngoja kwanza, Musawo," akasema. "Wako wanakula."

Wako. Nyumbani alikuwa Babra peke yake, yeye na tumbo lake. Harriet akatamani kupiga magoti pale matopeni. Badala yake akausogeza mwavuli juu ya kichwa cha mzee, akasimama naye. Walipomwona Babra mlangoni akiosha sahani, ndipo mzee akanyanyuka na kushika kiti chake.