Asubuhi Niliyosema Iko Sawa

Katika siku zote za ujana wangu, kuna Ijumaa moja ambayo haijanitoka. Najua utacheka, maana nina miaka kumi na tisa na wewe kumi na sita. Lakini wewe ni mtoto wa kaka yangu, kwa hivyo nina haki ya kukuita mwanangu. Nivumilie, Moraa. Nimesikia umechukuliwa kwenye ile timu yetu ya Nyansiongo, kupima programu ya ng'ombe kama nilivyoipima mimi. Kuna jambo nililiandika kwenye daftari langu na sijawahi kumsomea mtu.

Tulikuwa watatu, kwenye chumba kilicho juu ya duka la dawa za mifugo. Kiongozi alikuwa Zuhura, binti wa wale wenye duka la vitambaa Kisii mjini. Baba mdogo Onsongo ndiye aliyeandika programu. Mimi niliijaribu kabla haijawafikia wakulima: nagusa hapa, naandika pale, natafuta inapokosea. Kazi ilikwenda kwa wiki mbili mbili, na kila asubuhi tulisimama mduara, chai mkononi, kila mtu aseme jana amefanya nini, leo atafanya nini, na nini kimemkwamisha. Dakika kumi tu. Zangu zilikuwa nusu dakika, maana unanijua, hata kuitikia jina darasani nilikuwa natoka jasho.

Programu yenyewe ilikuwa hivi. Mkulima akiona ng'ombe wake anataka dume, anaandika kwenye simu, na daktari wa mifugo anapata ujumbe wa saa ya kuja kumpandisha kwa mbegu anazobeba. Akionekana asubuhi, daktari aje jioni. Akionekana jioni, aje kesho yake asubuhi. Ukichelewa hapo ni kazi bure mpaka wiki tatu zipite.

Alhamisi nikaona hitilafu. Ukiandika jioni, daktari anaambiwa aje kesho kutwa. Nilijaribu mara tano. Kesho kutwa, kila mara.

Ijumaa ikafika zamu yangu kwenye mduara. Mbele yangu amesimama baba mdogo, tumbo moja na baba yangu. Unazijua chinsoni zetu, ile heshima yenye aibu ndani yake. Mambo ya ng'ombe kutaka dume, msichana anayataja vipi mbele ya baba? Halafu nimwambie pia kwamba ameyakosea? Wewe ungeweza. Kwako alikuwa babu, na babu anataniwa. Ungemwambia na kumcheka juu. Mimi nikaangalia kikombe changu.

"Ule ukurasa wa daktari?" Zuhura akauliza.

"Iko sawa."

"Sawa kabisa, au sawa ya kunifurahisha?"

"Sawa kabisa, dada."

Tukauachilia kwa wakulima siku hiyo hiyo.

Alhamisi iliyofuata tulikuwa bado tumesimama Mama Bosibori alipopanda ngazi akihema. Ni yule mjane anayekaa chini ya shule. Ng'ombe wake, na alikuwa naye mmoja tu, alikuwa ameshapandishwa mara mbili bila kushika, na maziwa yalikuwa yamekauka. Aliongea Kiswahili makusudi, si Kikisii, Zuhura asikose hata neno.

"Onsongo! Ng'ombe wangu alianza kulilia dume juzi jioni. Jana nzima nimekaa langoni kama bibi harusi, namngoja daktari wenu. Leo ndio anakuja! Sasa apandishe nini, mkia?"

Baba mdogo akageukia dirisha. "Mama, punguza sauti. Kuna mtoto hapa."

"Mtoto gani? Si huyu ndiye mpimaji wenu? Mwambie apime na hiyo!"

Zuhura hakucheka. Akauliza ni nani aliyepitisha ukurasa ule. Nikafungua mdomo, lakini kabla sauti haijatoka baba mdogo akasema, "Mimi ndiye niliyeuandika. Kosa ni langu." Na mimi, mwanangu, nikafunga mdomo. Hapo ndipo panaponiuma. Ile Ijumaa nilizuiwa na aibu ya kwetu. Alhamisi hiyo ilikuwa woga tu.

Mama Bosibori hakuwa na moyo wa kungoja wiki tatu nyingine. Jumamosi alimpeleka ng'ombe sokoni akarudi na kamba tu. Watoto wake wakabaki kwenda shuleni wamekunywa turungi, chai isiyo na maziwa.

Jumatatu nikamwambia Zuhura kwamba nilijua.

"Umenidanganya kwa sababu ya adabu," akasema. "Adabu ni nzuri, lakini ng'ombe hajui chinsoni zenu. Mdomo ukikataa, si una mkono?"

Akanipa kadi. Niandike: niligusa nini, nikaona nini, nilitarajia nini. "Bandika ukutani uende zako ukanywe maji. Atasoma mwenyewe."

Hitilafu iliyofuata nikaiandika, nikabandika. Baba mdogo akasoma, akarekebisha, kisha akasema macho yakiwa ukutani, "Nimeona karatasi." Tulifanya kazi hivyo karibu miaka miwili, na sijawahi kuwa na raha kama ile. Lakini kuna kadi moja sikuiandika, ya kumwambia kwamba lile kosa alilolibeba nililiona kabla yake.

Kwenye mazishi ya baba mdogo ulikuwepo, Moraa. Uliniona nimesimama na daftari kifuani, ukadhani nitasoma risala. Nilikuwa natafuta pa kuanzia.

Siku hizi timu ina watu wengine; Zuhura ameolewa mbali, na mimi niko chuoni. Lakini ikifika saa mbili asubuhi mwili wangu bado unataka kusimama na watu wawili wenye vikombe. Ningerudishiwa dakika kumi za ile Ijumaa, nisingeomba kingine.

Kwa hivyo, mwanangu, hitilafu uitaje siku ile ile uliyoiona, kwa mdomo au kwa maandishi, hata kama aliyeikosea ni mtu unayemstahi. Usiseme kitu ni kizima ili mkubwa asione haya. Kuna mtu huko nje atakayelipia. Na mtu akikubebea kosa lako, mfuate umwambie kabla jua halijatua.

Mungu akutangulie, akupe watu wazuri wa kusimama nao kila asubuhi, na akuwezeshe kuwaambia ukweli wangali wanakusikia.