Pumzi ya Bibi Bungu

Mwantumu binti Mbaruku alizaliwa Bungu, juu milimani, ambako asubuhi ukungu huingia hadi jikoni bila kupiga hodi. Kwao ng'ombe hakujengewa banda nje. Alikaa ndani ya nyumba, upande wa pili wa kiambaza, akaletewa majani ya migomba na matembele mpaka mdomoni, na usiku aliwashiwa moto mdogo wa kufukiza ili asishikwe na baridi. Mtu aliyelelewa katika nyumba kama hiyo huzoea kusikia ng'ombe akihema karibu na kichwa chake. Akiikosa sauti ile, usingizi humpaa.

Aliolewa na Rehani, Mzigua wa Handeni aliyekuwa akikata mkonge Mazinde. Mzee Mbaruku, baba yake Mwantumu, hakumpenda sana mkwe huyo, na kosa la kijana wa watu lilikuwa moja tu: alitoka nchi ya joto. Wakajaliwa binti, Mwanaidi. Halafu ikaja ile Operesheni ya kuhamia vijijini, na Rehani akatumiwa habari kwamba kwao watu wanagawiwa viwanja kando ya barabara, na asiyefika hatapata. Siku ya kuagana mzee Mbaruku alifungua mtamba wake mmoja, chotara, mwekundu, mwenye manyoya marefu ya milimani, akampa binti yake kamba mkononi.

"Mchukue," alisema. "Ukiwa naye ndani ya nyumba hutajiona mgeni."

Wakashuka naye kwa miguu, mtoto mgongoni, wakapita Korogwe, wakavuka mto, wakaingia nyika ya Handeni. Kijiji chao kipya kiliitwa Kwemkwaju. Kilikuwa nyumba zilizopangwa mstari kama wanafunzi kwenye gwaride, na vumbi. Rehani alijenga ya kwake kwa fito na udongo, na Mwantumu akashikilia kwamba nusu yake iwe ya ng'ombe. Rehani alikuna kichwa, akakubali. Mwanamume aliyemtoa mke kwao hana ubishi mwingi.

Majirani walicheka mpaka wakachoka. Jirani wa ukuta kwa ukuta, Mashavu, Mzigua mwenye ulimi usiolala, ndiye aliyempa ng'ombe jina. "Bibi Bungu ameamkaje?" alikuwa akiuliza kila asubuhi. "Ameshakunywa chai?" Mwantumu naye alicheka. Siku hizo alikuwa bado anacheka.

Masika ya kwanza Mwanaidi akashikwa na homa. Mwantumu alifanya kama mama yake alivyomfanyia yeye alipokuwa mdogo: alimfunika mablanketi, akafunga mlango, akachochea moto. Rehani alikuwa shamba la kijiji. Aliporudi jioni alimbeba mtoto mbio hadi zahanati, na mtoto akafia huko kabla hakujapambazuka. Mganga wa zahanati alisema ni malaria, na kwamba watoto wa milimani hawaijui, inawakuta wamelala. Aliongea kwa upole, na alichosema kilikuwa kweli.

Mwantumu hakulia. Matanga yalikaliwa na kuondolewa, watu wakaja na wakaondoka, naye hakulia. Wengine walisema ana moyo mgumu. Watu wana haraka sana ya kuhukumu macho makavu. Moyo wake haukuwa mgumu. Ulikuwa umekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Alipika, aliteka maji, alilima bega kwa bega na wenzake katika shamba la kijiji, na mambo yote hayo yalifanywa na mikono tu. Chakula alikula kidogo, maneno alitumia machache. Wanawake waliokuwa wakimwita mama Mwanaidi waliacha, wakirudi kwenye binti Mbaruku. Walifanya hivyo kwa huruma, ili wasimtoneshe. Yeye hata hakuona kwamba jina limeondoka.

Kitu kimoja tu kilikuwa bado kinamgusa. Akilala chali gizani, akamsikia Bibi Bungu akihema upande wa pili wa kiambaza, kifua chake kililegea kidogo na usingizi ukaja. Ng'ombe yule ndiye aliyekuwa amebaki. Akiondoka, Mwantumu hakujua angebaki na nini, na hakutaka kujua.

Basi kikaja kiangazi, na Bibi Bungu akaanza kuhema vibaya. Kwanza ilikuwa saa za mchana tu: mdomo wazi, ulimi nje, mate yakichuruzika mpaka kifuani, mbavu zikipanda na kushuka mbiombio. Halafu akakataa majani ya mchana. Halafu mbio zile za mbavu zikawa hazitulii hata jua likizama. Mwantumu alimletea majani zaidi, teketeke, akambembeleza ale. Akaziba nyufa za ukuta kwa udongo mpya, kwa sababu aliogopa upepo mbaya. Na jioni, kama ilivyo desturi, aliwasha moto wa kufukiza. Rehani alimwambia mara moja, kwa sauti ya chini, kwamba huku kwao hata mbwa halali ndani. Mwantumu alimtazama tu, na Rehani hakurudia.

Alikuwepo mfugaji mmoja, Koikai, Mmasai aliyekuwa na boma lake nje ya kijiji, penye miiba na upepo. Alizoea kuja na kibuyu cha maziwa kubadilishana na mahindi. Siku hiyo alifika jua likiwa utosini, akasimama mlangoni, na kabla ya salamu akageuza kichwa kusikiliza.

"Mama, ndani kuna nini?"

"Ng'ombe."

"Naomba kumwona."

Mwantumu alimpisha. Koikai aliingia, akatoka haraka, akajifuta jasho kwa pembe ya shuka lake la lubega, akaingia tena. Alimshika ng'ombe sikio, akamwekea kiganja ubavuni. Akatazama majivu ambayo bado yalikuwa na uvuguvugu, na lundo la majani mabichi.

"Huu moto wa nani?"

"Wake. Asishikwe na baridi."

Koikai hakucheka, na kwa hilo Mwantumu alimshukuru baadaye. Alichuchumaa, akaongea polepole kwa Kiswahili chake kilichochanganyika na Kimasai.

"Sikia, mama. Ng'ombe akila, tumbo lake linawaka. Kule kwenu baridi, moto ule wa tumbo ndiyo nguo yake, anakula sana, anapata nguo. Huku nguo hiyo anaipeleka wapi? Anaitoa kwa mdomo, hah, hah, hah, hivyo. Hana njia ingine. Wangu mimi wanakula alfajiri, wanakula jua likishuka. Mchana wanasimama tu penye upepo, wanahema kidogo, kama hawapo. Wakati wa shida wanajipunguza. Huyu hajui kujipunguza. Halafu wewe unamlisha mchana, unaziba ukuta, unamwongezea moto mwingine. Mama, unampika."

Mwantumu alikuwa ameshika kikapu cha mahindi. Alikaa nacho hivyohivyo.

"Na mtu?" aliuliza.

"Mtu gani?"

"Mtoto. Mwenye homa."

Koikai hakuwa na habari yoyote ya Mwanaidi. Alijibu kama mtu anayeulizwa njia.

"Mtoto wa homa naye vilevile. Sisi tunamvua nguo, tunamtoa penye upepo."

Mwantumu aliweka kikapu chini. Alikwenda kwenye pembe ya nyumba, akachukua jembe la Rehani, akarudi upande wa ng'ombe na kuanza kupiga ukuta. Hakupiga kwa hasira. Alipiga kama anavyopiga mtu aliyeambiwa palime pale, udongo ukidondoka miguuni, fito zikitokeza. Mashavu alitoka kwake mbio, akafungua kinywa kusema neno la kuchekesha, akaona uso wa jirani yake na akakifunga. Koikai akashika fito, akasaidia kuzing'oa. Walimtoa Bibi Bungu kwa tundu lile, akiyumbayumba, wakamlaza kivulini nyuma ya nyumba, nao wakammwagia maji shingoni, yale ya kupikia.

Rehani aliporudi kutoka shamba la kijiji alikuta nyumba yake iko wazi upande mmoja na mke wake amekaa juu ya vifusi.

"Nilimpika," Mwantumu alisema.

Rehani alidhani anamsema ng'ombe. Kisha akaelewa. Alikaa chini, mbali kidogo.

"Ilikuwa malaria. Mganga alisema."

"Najua alivyosema."

"Hata ungemvua zile nguo, Mwantumu, huenda—"

"Najua."

Ng'ombe alikuwa akihema kwa tabu, lakini mdomo ulikuwa umeanza kufumba.

"Asubuhi ile nilipokuwa natoka," Rehani alisema, "nilikuona unamfunika. Huku kwetu hatufuniki. Nikasema moyoni, mama yake anajua. Nikaenda zangu."

Alikuwa amelibeba neno hilo peke yake tangu masika. Mwantumu alimsikia, akatikisa kichwa kukubali, lakini machozi hayakuja kwa yeyote kati yao. Usiku ule Rehani alitaka kuziba tundu kwa mkeka. Mwantumu alimkataza.

Bibi Bungu alipopata nguvu ya kutembea alipelekwa bomani kwa Koikai, akae huko na kundi, kama wafugaji wanavyotunziana mifugo. Mwantumu alimshika kamba yeye mwenyewe njia nzima. Alijua anakwenda kuacha nini. Tangu siku hiyo alilala akisikiliza upepo kwenye tundu la ukuta, na mara nyingi usingizi haukuja.

Alikuwa akienda kumwona. Mwanzoni ng'ombe alisimama peke yake pembeni, akihema kuliko wenzake wote, na Koikai alikuwa na wasiwasi naye. Baadaye manyoya marefu yakaanza kupukutika, akabaki na ngozi nyepesi inayong'aa. Akajifunza kuamka gizani na kundi na kula kukiwa na umande. Akanywa maji siku moja, ya pili akapitisha. Akakonda, kisha kukonda kukakoma, akawa hivyo alivyo. Mchana wa jua kali Mwantumu alimkuta amesimama na wengine, amefumba macho nusu, mbavu zikienda taratibu, taratibu, kama hayupo.

Mwantumu alikaa akimtazama, na kwa mara ya kwanza alijifahamu. Yeye naye alikuwa amejipunguza. Chakula kidogo, maneno machache, pumzi ya kumfikisha jioni tu. Hakuna aliyemfundisha. Hakufurahi kuligundua wala hakuhuzunika. Alijua tu kwamba hivi ndivyo alivyopita.

Miaka miwili baadaye akamzaa Muhidini. Watu walifurahi, kijiji kikapata mtu wa kumchekea, na wanawake wakapata jina jipya la kumwita, mama Muhidini. Aliitika. Alimnyonyesha mtoto, akamwogesha, akamchunga kama yai, na moyoni kukawa kimya vilevile. Rehani aliliona hilo.

Masika yalipokuja, Muhidini akashikwa na homa. Mwantumu alimgusa paji la uso, na mikono yake yenyewe ikaenda kwenye blanketi. Ililifikia, ikalishika. Akaiona mikono yake ikilishika. Akalirusha blanketi lile nje kwa tundu la ukuta, likaangukia matopeni. Alimvua mtoto kila kitu, akamwaga maji kwenye moto ukazimika na kujaza nyumba majivu, akamfunga mgongoni kwa khanga moja nyepesi na kwenda naye zahanati papo hapo, bila kumngoja Rehani. Njia nzima alimpepea kwa mkono mmoja na kusikiliza pumzi zake mgongoni: fupi, za haraka, za mbio. Mtoto alipewa dawa. Walikaa huko mpaka pumzi zile zikarefuka.

Walipokuwa wamerudi nyumbani, Mashavu alikuja na uji kwenye bakuli. Alichungulia kwa tundu la ukuta, kwa maana siku hizo watu walikuwa wamelizoea kama dirisha.

"Pole, mama Muhidini," alisema. "Mtoto anaendeleaje?"

Muhidini alikuwa amelala uchi juu ya mkeka, penye upepo, akihema polepole.

"Mimi ni mama Mwanaidi," Mwantumu alisema. "Huyu ni wa pili."

Sauti ilimtoka nzito, kana kwamba ni ya mtu mwingine aliyekuwa amefungiwa ndani siku nyingi. Kisha akalia. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, mabega yakipanda na kushuka, na hakuweza kujizuia. Mtoto akaamka akashangaa. Mashavu alipitia tundu lilelile akaingia, akaweka bakuli chini, akakaa kando yake.

"Haya, mama Mwanaidi," alisema. "Haya."