Hodi ya Mara Moja

Utoto wangu ulikuwa wa Haltom City, mji wa ughaibuni tulikohamia, na mwaka niliotimiza miaka tisa kulikuwa na mtu anayeua wanawake waliokuwa wakitoka kazini kwa miguu. Watatu walishakutwa wametupwa mitaroni. Polisi hawakumjua. Bibi yangu, mzaliwa wa Lamu, alisema anamjua: mumiani, yule mnyonya damu wa kwao. Akatuwekea sheria. Binadamu hupiga hodi mara tatu, mumiani huweza moja tu. Magharibi ikiingia, hodi moja isifunguliwe.

Kwenye mlango uliotazamana na wetu alikaa, pamoja na binti yake, Mama Neema, Mkongomani wa Bukavu, mfanyakazi wa ghala. Jumamosi alinisuka nywele, akinicheka kwa kulialia.

Jioni moja, wazazi wangu wako kazini, mlango ulipigwa kwa kishindo. “Hodi!”

“Bibi, it's Mama Neema! Fungua!”

“Nyamaza! Huyo anaigiza sauti.” Akanibana kifuani mpaka pumzi ikaniishia.

Tukasikia miguu ikikimbia, kisha mlango wa gari ukifungwa. Hodi ya pili haikuja. Hivi mtu anayekimbizwa aipate wapi nafasi ya kubisha mara tatu?

Mama Neema walimkuta asubuhi, ameuawa, nyuma ya duka la matairi. Polisi walipokuja, Baba ndiye aliyetafsiri. “Waambie hatukusikia kitu,” Bibi alisema. Nikafungua kinywa, Baba akanitolea macho. Polisi nao wakauliza maswali mawili, wakaenda zao.

Neema alikuwa amekaa kwenye ngazi. “Mulimusikia mama yangu?”

“Hapana, mjukuu wangu,” Bibi akamjibu, huku akimpangusa machozi.

Nilipokuwa mtu mzima nilikwenda kituoni kueleza. Afisa akaandika jina langu, akanishukuru, basi.

Bibi ameshafariki. Namwombea, na bado nina hasira naye. Kuogopa, hata mimi niliogopa. Kinachonichoma ni kwamba kulipokucha alijua aliyebisha alikuwa nani, akachagua kumlinda mumiani wake kuliko kusema tulichosikia. Saa ile, gari lile, vyote tukavifungia ndani pamoja nasi.

Muuaji hakukamatwa. Huenda sasa ni mzee, anamwagilia nyasi za mbele ya nyumba yake na kusalimiana na majirani. Alikuwa mtu, mwenye gari na funguo mfukoni. Sisi ndio tuliomfanya kuwa kitu ambacho polisi hawawezi kukitafuta.